Siku Sita za Bibi Bernard: Safari ya Hotel del Coronado

Alhamisi, tarehe 24 Novemba

Nimevuka ghuba ya San Diego alasiri hii kwa kivuko kinachotoka gati la Broadway, na kwa robo saa nzima niliyosimama sitahani nilijitahidi nisilitazame daraja. Daraja la Coronado, lenye mkunjo mrefu unaopaa juu ya maji kiasi cha kuzipisha manowari chini yake, lilifunguliwa mwaka 1969, kwa hiyo mwanamke niliyemfuata hapa hakuliona. Yeye naye alifika siku kama ya leo, Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, tarehe 24 Novemba 1892. Mwaka huu kalenda imeangukia sawasawa na ya mwaka ule, siku kwa siku, na hiyo ndiyo sababu ya mimi kuichagua wiki hii. Kwa miaka mingi nimesoma habari za mzuka wa Hotel del Coronado, na kila niliposoma nilibaki na swali lile lile: kabla ya kuwa mzuka, mtu huyu aliziishi vipi siku zake za mwisho?

Kutoka kwenye gati la Coronado nilitembea kwa mguu kuifuata barabara ya Orange mpaka mwisho wake, mwendo wa nusu saa hivi, mpaka jengo lilipojitokeza lote kwa pamoja. Picha hazitoshi kulieleza. Ni jengo la mbao, jeupe, lenye mapaa mekundu yaliyorundikana, madirisha madogo yanayochungulia kutoka darini, na mnara wa mviringo wenye paa la umbo la pia iliyopinduliwa, ambao huonekana kutoka mbali sana ufukweni. Ujenzi ulianza Machi 1887 na wageni wakapokewa Februari 1888, yaani kazi yote hii haikutimiza mwaka. Waanzilishi wake, Elisha Babcock na Hampton Story, walikuwa wafanyabiashara walioinunua rasi hii ilipokuwa vichaka na sungura, nao wakamkabidhi kazi msanifu James Reid. Mbao zililetwa kutoka kaskazini, na wengi kati ya vibarua walikuwa Wachina ambao majina yao hayasimuliwi katika ziara yoyote. Hoteli ilikuwa miongoni mwa majengo makubwa ya mwanzo nchini Marekani kuwashwa taa za umeme, jambo ambalo wenyewe walilitangaza kwa fahari. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili la taa, kwa maana nitalirudia.

Mgeni wa Alhamisi ile alijiandikisha kwa jina la Bibi Lottie A. Bernard, wa Detroit. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, peke yake, bila mizigo. Karani wa mapokezi alielezwa kwamba mizigo iko kwa kaka yake, daktari aitwaye Anderson, ambaye angefika karibuni. Mwanamke kusafiri peke yake na kuingia hoteli ya matajiri siku ya sikukuu, bila hata sanduku moja, lilikuwa jambo la kuzungumzwa wakati ule. Hata hivyo alipewa chumba namba 302.

Mimi sikumudu kulala hapa siku zote sita. Nimepanga nyumba ndogo ya wageni upande wa pili wa ghuba, na usiku mmoja tu, wa Jumatatu, nimeulipia hotelini. Jioni nilikaa kidogo katika ukumbi wa mapokezi, ambao kuta na dari zake zimefunikwa mbao nyeusi zilizosuguliwa zikang'aa, kukiwa na mti mkubwa wa Krismasi uliowashwa taa na watoto wakiuzunguka. Nilijaribu kuwaza jinsi ilivyokuwa kuvuka ukumbi huu mikono mitupu.

Ijumaa, tarehe 25 Novemba

Leo nimeisikiliza hekaya kama inavyosimuliwa. Nimejiunga na kundi la watu kumi na wawili waliokuwa na mwongozaji mwenye sauti nzuri na subira kubwa, na baadaye nikawauliza wahudumu wawili watatu, ambao kila mmoja alikuwa na la kusema.

Chumba chenyewe sasa ni namba 3327, maana namba zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu 1892. Inasemekana kwamba humo taa huwaka na kuzimika zenyewe, televisheni hujiwasha, pazia hucheza ilhali dirisha limefungwa, na baridi ya ghafla humpita mtu kisha ikatoweka. Wapo wageni waliodai kuhisi shuka likivutwa. Wengine wamesikia nyayo koridoni na walipofungua mlango hawakumwona mtu. Wapo pia wanaosema wamemwona mwenyewe, mwanamke aliyevaa gauni refu jeusi la zama zile, akitembea koridoni au akielekea baharini. Chumba namba 3519 nacho kina hekaya yake, ya mjakazi anayesemekana kujinyonga humo, lakini hiyo haina jina wala tarehe, nami sikuifuatilia.

Kisa cha duka la zawadi kimenivutia kuliko vyote. Husimuliwa kwamba bidhaa fulani huruka kutoka rafuni na kutua sakafuni bila kuvunjika, wakati mwingine zikiwa zimesimama wima, na kwamba zinazoangushwa zaidi ni zile zenye picha ya Marilyn Monroe, aliyekuja kuigiza filamu ufukweni hapa mwaka 1958. Wanasema mwenye chumba ana wivu. Niliyatafakari maneno hayo kwa muda. Mwanamke aliyekufa bila mtu kumjua amepewa wivu juu ya mwanamke aliyejulikana kuliko wote. Aliyeibuni sehemu hiyo ya hekaya, awe nani, alifahamu jambo la kweli juu ya upweke, hata kama hakukusudia.

Kisha ipo hekaya ya maisha yake, na hapa nilianza kukosa raha. Mwongozaji alisimulia kwamba Bibi Bernard na mumewe walikuwa matapeli wa karata, wakisafiri kwa garimoshi kutoka mji mpaka mji, naye akijifanya dada wa mumewe ili wanaume wavutike mezani na kuliwa fedha zao. Alipopata mimba aliyataka maisha ya kutulia. Wakagombana ndani ya garimoshi, mume akashuka njiani, naye akaendelea peke yake mpaka hapa kumngojea. Ni kisa kilichokamilika, chenye kosa, adhabu na huruma kidogo, na kundi zima lilisikiliza kimya. Nilimuuliza mwongozaji baadaye, kwa adabu, ni kipi kati ya hayo kimeandikwa mahali popote mwaka 1892. Alinijibu kwa uaminifu kwamba ugomvi wa garimoshini unatokana na maneno ya watu waliodai kuona mwanamke anayefanana naye, na kwamba habari za karata na mimba ni hekaya. Nilimshukuru kwa dhati.

Jumamosi, tarehe 26 Novemba

Siku nzima nimeitumia kwa kusoma, kwanza maelezo ya makumbusho ndogo iliyo katika nyumba ya zamani ya barafu, kando ya hoteli, kisha nakala za magazeti na ushahidi uliotolewa katika uchunguzi wa kifo, nilizozikusanya kabla ya safari na kuzibeba katika jalada. Niliketi kwenye benchi linalotazama bahari nikasoma mpaka macho yakauma. Haya ndiyo niliyokuja kuyatafuta, kwa hiyo nitayaeleza kwa urefu.

Waliomhudumia walisema alikuwa mgonjwa na kwamba alionekana mwenye maumivu. Alimweleza mmoja wao kuwa ana saratani ya tumbo na madaktari wamekata tamaa. Mara kwa mara aliuliza mapokezini kama kaka yake amefika au ameleta habari, na kila mara jibu lilikuwa kwamba bado. Sehemu kubwa ya wakati alikaa chumbani. Siku moja alimwita kijana wa kubeba mizigo, nywele zake zikiwa zimelowa maji, akamwambia kwamba ameanguka ndani ya beseni la kuogea, na akamwomba amsaidie kuzikausha. Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko mwingine wowote. Katika hoteli yenye mamia ya vyumba hakuwa na mtu wa kumkausha nywele ila kijana wa zamu.

Uongozi wa hoteli uliingiwa na wasiwasi juu ya malipo, kama ilivyotarajiwa. Karani mkuu alipomgusia suala la fedha, alimtajia bwana mmoja wa mji wa Hamburg, jimbo la Iowa, ambaye angeweza kumtumia. Telegramu ikapelekwa, na jibu likaja kwamba dola 25 zingelipwa. Chumbani baadaye zilikutwa alama kwamba amechoma karatasi nyingi katika meko ya ukutani. Vipande vichache vilivyobaki vilikuwa na maneno yasiyoshikamana, na jina Frank lililoandikwa tena na tena kwa mkono wake. Ni nani huyo Frank, hakuna aliyemwambia mchunguzi.

Baada ya kifo chake, mambo yalikwenda kasi kwa namna ya kuhuzunisha. Mwili ulitiwa dawa usioze, ukawekwa katika nyumba ya mzikaji mjini San Diego, na watu walikwenda kuutazama kwa wingi. Magazeti yalikwisha kumpa jina, la mgeni mrembo asiyejulikana, na sifa zake za sura zilitumwa kwa telegramu kila upande. Mama mmoja wa Detroit, ambaye binti yake alikuwa ametoroka na mwanamume, aliamini kwamba aliyelala pale ni mwanawe Lizzie, na kwa siku kadhaa magazeti yaliamini pamoja naye. Mwishowe, mwezi Desemba, ikabainika kwamba hakuwa Lottie wala Bernard wala wa Detroit. Alikuwa Kate Morgan, aliyezaliwa katika ukoo wa Farmer huko Iowa, mke wa Tom Morgan, na mpaka siku moja kabla ya kufika hapa alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya familia moja ya Los Angeles. Sanduku lake alikuwa ameliacha huko huko.

Mtumishi wa ndani. Hilo ndilo neno ambalo hekaya imeshindwa kulibeba. Kwa siku sita mwanamke aliyezoea kutandika vitanda vya wengine alilala katika kitanda kilichotandikwa na mwingine, na kuagiza kwa kengele, na kuitwa Bibi. Sijui kama lilimpa faraja yoyote. Lakini nikiwekewa mbele yangu tapeli wa karata na mtumishi wa nyumba, huyu wa pili ndiye anayenikosesha usingizi.

Jumapili, tarehe 27 Novemba

Leo sikufanya mengi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito na ile rasi ya Point Loma haikuonekana. Ulipoondoka, mchanga ulianza kumetameta kwa chembe za maika, kana kwamba umenyunyiziwa unga wa dhahabu. Kusini vilionekana visiwa vya Los Coronados, ambavyo ni vya Meksiko. Nyuma yangu watoto waliteleza kwenye uwanja wa barafu uliotengenezwa kando ya ufukwe kwa ajili ya msimu huu, muziki ukipigwa.

Lipo neno moja ambalo limenikaa kichwani tangu jana. Katika Kiswahili, kizuka ni kile kinachomtokea mtu ghafla na kutoweka, ambacho humfanya mtu aeleze kwa kunong'ona. Lakini kizuka vilevile ni mwanamke aliyefiwa na mume, akaaye ndani muda wote wa eda yake, mbali na macho ya watu. Wazee waliolipa neno moja kazi hizi mbili hawakuwa wakimfikiria mgeni wa chumba namba 302, wala yeye hakuwa mjane, kwa kuwa mumewe alikuwa hai. Hata hivyo ninapoyasoma maelezo ya wahudumu, juu ya mwanamke anayekaa ndani, anayefungua mlango kwa haja tu, mwenye msiba asioutaja, naona kwamba alikuwa kizuka kwa maana ya pili kabla hajageuzwa kuwa kizuka kwa maana ya kwanza. Watu waliomwona koridoni siku hizo sita walikuwa wamekwisha kumwogopa kidogo.

Jioni niliandika barua moja kwa dada yangu nikalala mapema.

Jumatatu, tarehe 28 Novemba

Siku kama ya leo alivuka ghuba kurudi San Diego. Alikuwa dhaifu, waliomwona walisema alitembea kwa shida. Katika duka moja la mjini alinunua bastola na risasi, kisha akarudi hotelini. Usiku ule kulikuwa na dhoruba.

Mimi nami nilikwenda mjini asubuhi, kuchukua begi langu, nikarudi kwa basi linalopita juu ya daraja. Nilipewa chumba katika jengo la zamani, ghorofa moja na namba 3327 ingawa si jirani yake. Ni chumba kidogo chenye dari ndefu, dirisha la kusukuma juu, na sakafu inayoinama kidogo kuelekea mlangoni, kiasi kwamba kalamu niliyoiweka chini ilijiviringisha yenyewe. Nimeliandika hili kwa makusudi. Jengo la mbao lenye umri wa miaka zaidi ya 130, lililosimama mita chache kutoka kwenye bahari, halitulii kamwe. Mchana mbao hupanuka kwa joto na usiku hunywea kwa baridi, na kila mnyweo una mlio wake. Unyevu wa chumvi huingia katika maungo ya milango na kuifanya ishike leo na iachie kesho. Upepo wa bahari hupita katika nyufa za madirisha ya zamani ukatokea pasipotazamiwa. Mtu aliyeambiwa mapokezini kwamba hapa pana mzuka atayasikia haya yote na kuyapa jina moja.

Hata hivyo nisingependa kumdharau mtu yeyote aliyeona au kusikia jambo. Nililala saa tano. Saa tisa kasoro za usiku niliamshwa na nyayo koridoni, nyayo laini za mtu asiyetaka kusikiwa, zikapita mlangoni pangu, zikasimama, zikaendelea. Moyo ulinidunda, nakiri, na mkono wangu ulikuwa mzito kufikia taa. Nilifungua mlango. Mbali koridoni vijana wawili, mwanamume na mwanamke, walikuwa wamesimama soksi miguuni mbele ya chumba namba 3327, wakiupiga picha mlango. Waliniona wakashtuka kuliko mimi, wakaniomba radhi kwa ishara za mikono, nami nikawapungia. Walikuwa wamekuja kumtafuta.

Nilirudi kitandani lakini usingizi ulikwisha kuruka. Niliwaza ni usiku mingapi, kwa miaka mingapi, watu wamenyemelea koridoni hapa kwa nyayo laini, na ni wageni wangapi wa vyumba vya katikati walizisikia wakaogopa kufungua, kisha wakashuka asubuhi wakasimulia. Kwa njia hiyo hekaya imejipatia miguu ya kutembelea. Na jambo lililonigusa ni kwamba wale vijana hawakuwa na utani wowote usoni. Walisimama pale kama watu waliokwenda kumjulia hali mgonjwa. Kate Morgan aliuliza kwa siku sita kama kuna mtu yeyote aliyekuja kwa ajili yake. Sasa wanakuja kila usiku.

Jumanne, tarehe 29 Novemba

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimekwisha simama upande wa hoteli unaotazama bahari. Ni huku ambako ngazi za nje ziliteremka kuelekea ufukweni, na ni kwenye ngazi hizo alikokutwa asubuhi ya tarehe 29 Novemba 1892, amekufa, jeraha la risasi kichwani na bastola kando yake. Baraza la uchunguzi lilikutana siku iliyofuata na kuamua kwamba alijiua. Miaka ya baadaye wapo waliopinga uamuzi huo, hasa tangu miaka ya 1980, wakihoji kama risasi iliyomuua ililingana na bastola ile, na kutaja jina la mume. Nimezisoma hoja zao kwa makini. Uchunguzi ulikuwa wa haraka, hilo ni kweli, na jopo la leo lingeuliza maswali ambayo lile halikuuliza. Lakini mwanamke mgonjwa, asiye na fedha, aliyechoma karatasi zake na kununua bastola kwa mkono wake mwenyewe, ameacha ushahidi wa kutosha kwangu. Naona kwamba hamu ya kumpata muuaji inatokana na sisi kuliko inavyotokana na habari zenyewe. Muuaji angetupa mtu wa kumlaumu.

Aliyemkuta alikuwa fundi wa umeme wa hoteli. Alikuwa kazini mwake, akizungukia taa za nje baada ya usiku wa dhoruba, kama alivyofanya kila asubuhi, ndipo akamwona. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliipita upesi, lakini nikiwa nimesimama pale leo ilinirudia kwa nguvu. Taa zilikuwa fahari ya jengo hili. Zilimulika ukumbi, ngazi na bustani, na wakati wote huo hazikumwonyesha kwa mtu yeyote, mpaka mtu mwenye kuzitunza alipompata kwa mwanga wa jua. Na sasa, katika ishara zote wanazohesabu watu wanaolala chumbani mwake, ya kwanza kutajwa huwa ni taa zinazowaka na kuzimika. Sisemi kwamba aliyeanza kusimulia hivyo alikuwa na habari za fundi yule. Nadhani hakuwa nazo. Lakini ningetamani ziara zote zisimame mahali hapa na kumtaja yeye, maana katika kisa chote ndiye mtu pekee aliyemfikia bila kuitwa.

Nilirudisha ufunguo, nikavuka ghuba, nikachukua usafiri wa mjini mpaka makaburi ya Mount Hope, mashariki ya jiji. Ni makaburi ya manispaa, mapana, yenye majani makavu na miti ya mbali mbali, na reli ya tramu inayapita katikati. Alizikwa hapa tarehe 13 Desemba 1892, wiki mbili baada ya kufa, na kaburi lake lilikaa miaka mingi mno bila alama. Jiwe lililopo ni la kisasa, dogo, limelazwa sawa na ardhi. Limeandikwa Kate Morgan, na chini yake kwamba alijulikana pia kama Lottie A. Bernard.

Juu ya jiwe palikuwa na sarafu kadhaa, kome mmoja wa baharini na ua la plastiki lililofifia. Majani yalikuwa yamelitambaa jiwe upande mmoja mpaka kuifunika herufi ya mwisho ya jina lake. Nilipiga magoti nikayang'oa kwa vidole, taratibu, mpaka jina likasomeka lote. Tramu ilipita, madirisha yake yakiwa na watu wanaorudi majumbani, kisha pakawa kimya. Nilikaa mpaka mlinzi alipokuja kuniambia kwamba wanakaribia kufunga lango.

Alisoma jiwe, akaniuliza kama mimi ni ndugu. Nilimwambia hapana, nimekuja tu kumtembelea.